Mtaji wa Kungoja

Kusajili kampuni Tanzania si kazi ngumu. Mfumo wa mtandaoni wa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, hupokea jina la kampuni, katiba yake, taarifa za wakurugenzi na mgawanyo wa hisa, na nyaraka zikiwa zimekamilika cheti hutoka. Namba ya mlipakodi hufuata kutoka Mamlaka ya Mapato, TRA. Mgeni mwenye wakili makini huvuka hatua hizi bila misukosuko mikubwa. Tatizo ni kwamba makao makuu yaliyomtuma, yawe Johannesburg, Mumbai au Guangzhou, hukichukulia cheti hicho kuwa dalili kwamba biashara imeanza. Kilichoanza ni matumizi. Biashara, kwa maana ya mteja anayerudi kununua tena, bado iko mbali.

Kipindi kilicho kati ya cheti na mteja huyo ndicho huamua kama kampuni ya kigeni itakaa nchini au itaondoka. Pango linalipwa, mishahara inalipwa, ada na ushuru vinalipwa, na mapato hayapo au ni ya kubahatisha. Kampuni huhitaji mitaji miwili: wa kujengea na wa kungojea. Wa kwanza huonekana katika kila andiko la mradi, umepigiwa hesabu mpaka mifuko ya saruji. Wa pili mara nyingi haumo. Nao usipokuwepo kungoja hakukomi. Gharama yake humwangukia mtu mwingine ambaye hakuulizwa.

Kungoja huanzia kwenye mpangilio wa vibali. Ili apewe leseni ya biashara, mwombaji hutakiwa aonyeshe mkataba wa pango na uthibitisho wa kutodaiwa kodi. Uthibitisho huo nao hutolewa baada ya TRA kuuona mkataba huohuo na kukadiria kodi ya mwaka. Maana yake kampuni hupangisha ofisi, na wenye majengo wengi wa Dar es Salaam hutaka pango la miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, kabla haijaruhusiwa kuuza chochote. Mkurugenzi mgeni naye hawezi kufanya kazi katika kampuni yake mwenyewe bila kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2015 inayoratibu ajira za wasio raia. Kibali cha ukaazi hutolewa na Idara ya Uhamiaji, nacho hungoja kibali cha kazi. Kikiwa ni kiwanda cha chakula, orodha inarefuka: tathmini ya athari kwa mazingira chini ya NEMC, ukaguzi wa OSHA kuhusu usalama wa wafanyakazi, Zimamoto, alama ya ubora ya TBS, Wakala wa Vipimo kwa mizani, na halmashauri kwa ushuru wake.

Hakuna hata taasisi moja kati ya hizo iliyowekwa bila sababu. Watu hufa kwa moto viwandani, na mizani iliyochezewa humwibia mkulima kila msimu. Kinachoumiza ni kwamba kila ofisi ina sheria yake, mkaguzi wake na kalenda yake, na mara nyingi karatasi ya ofisi moja husubiri muhuri wa nyingine. Serikali yenyewe ililiona hilo. Mpango wa kuboresha mazingira ya biashara, unaojulikana kama MKUMBI, uliandaliwa mwaka 2018 na kuanza kutekelezwa mwaka uliofuata, ukilenga kufuta tozo zinazorudiwa na kuunganisha majukumu. Mojawapo ya matunda yake ni la mwaka 2019, pale udhibiti wa vyakula na vipodozi ulipotolewa kwa iliyokuwa TFDA na kupelekwa TBS, hivyo mzalishaji wa juisi akaacha kukaguliwa bidhaa ileile na taasisi mbili. Mwaka 2025 Kituo cha Uwekezaji na mamlaka iliyosimamia maeneo ya uzalishaji kwa ajili ya kuuza nje viliunganishwa kuwa chombo kimoja, TISEZA. Mwelekeo huo ni sahihi. Hata hivyo, kuunganisha taasisi mbili hakuunganishi sheria kumi, na mwekezaji atakayepanga ratiba yake kwa kutegemea dirisha moja litakalomaliza kila kitu atakuwa anajidanganya.

Cheti cha vivutio kutoka TISEZA husaidia, hasa kwa misamaha ya kodi na kwa nafasi za wataalamu wa kigeni, ambazo Sheria ya Uwekezaji ya mwaka 2022 iliziongeza kutoka tano hadi kumi katika hatua ya awali. Sharti lake kwa mgeni ni mtaji usiopungua dola 500,000 za Marekani. Kwa raia, dola 50,000. Mgeni mwenye dola 200,000 na wazo zuri anaruhusiwa kufungua kampuni, lakini atatembea barabara ileile bila msaada huo.

Kuhusu ardhi maelezo ni mafupi, kwa sababu sheria iko wazi. Ardhi yote ni ya umma, chini ya Rais kama mdhamini. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimpi asiye raia umiliki isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na haki hiyo hupitia mamlaka ya uwekezaji kwa muda usiozidi miaka 99. Ardhi ya kijiji lazima kwanza ihawilishwe kuwa ardhi ya jumla: eneo lisilozidi hekta 250 huamuliwa na mkutano wa kijiji, na linalozidi hapo huenda kwa Waziri baada ya wanakijiji kusikilizwa. Wawekezaji hulalamika kwamba njia hii ni ndefu. Ni ndefu, na inastahili kuwa hivyo. Familia inayotoa shamba lake kwa vizazi vitatu ina haki ya kuchukua muda kufikiri.

Kwingine ucheleweshaji hauna utetezi wa namna hiyo. Chukua mashine ya kufungashia yenye thamani ya shilingi bilioni 1 inayoshushwa bandari ya Dar es Salaam. Kwa ratiba ya pamoja ya ushuru wa forodha ya Afrika Mashariki, mitambo ya uzalishaji haitozwi ushuru, lakini VAT ya asilimia 18 ipo, yaani shilingi milioni 180 zinazodaiwa kabla mashine haijafungasha pakiti moja. Sheria inaruhusu kuahirisha VAT ya mitambo ya mtaji kwa kuomba kibali mapema. Asiyeomba mapema analipa. Wakala wa forodha anaingiza tamko kwenye mfumo. Ankara, hati ya shehena na cheti cha ubora kutoka nchi ya mzalishaji lazima vilingane. Ndani ya kontena hilohilo kuna boksi la vipuri, na muuzaji aliyeko ng'ambo ameviandika kwa namba ya ushuru isiyo yake. Mzigo unasimamishwa kwa uhakiki. Gharama za kuhifadhi kontena zinahesabiwa kila siku, na kampuni ya meli inadai malipo ya kila siku, kwa dola, kwa kontena lake kutorudishwa. Fundi aliyeletwa na mtengenezaji kuifunga mashine yuko hotelini, kibali chake cha muda mfupi kinazidi kuisha. Chanzo cha yote ni mstari mmoja wa ankara ulioandikwa na karani ambaye hajawahi kusikia jina la bandari hii.

Mashine ikishafungwa huja sehemu ambayo wageni huielewa vibaya kuliko zote: namna kodi inavyochota fedha taslimu kabla ya faida. Mtu husoma kwamba kodi ya mapato ya kampuni ni asilimia 30 ya faida, akaona kwamba mwaka wa kwanza hatakuwa na faida, akaliweka jambo hilo kando. Lakini kodi ya mapato hulipwa kwa makadirio: kampuni hukisia faida ya mwaka mzima na kuilipia kwa awamu za kila robo mwaka. Anayekisia kwa matumaini makubwa huikopesha hazina bila riba. Mishahara nayo ina nyongeza zake. Mfanyakazi wa mshahara wa shilingi 1,000,000 humgharimu mwajiri mwenye watu kumi au zaidi takriban 1,140,000, ukijumlisha asilimia 10 ya mchango wa mwajiri NSSF, asilimia 3.5 ya tozo ya kuendeleza ufundi stadi, na asilimia 0.5 ya mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Kodi ya mishahara na tozo ya ufundi zinatakiwa zifike TRA kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata kupita.

VAT ndiyo inayobana zaidi. Inadaiwa tangu ankara inapotolewa, si pale mteja anapolipa, na ritani yake ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Sasa mnunuzi mkubwa, awe duka kubwa, mgodi au taasisi ya umma, hulipa baada ya siku 60 au 90, na wakati mwingine zaidi. Kampuni iliyouza mzigo wa shilingi milioni 100 mwezi Machi inatakiwa ipeleke sehemu yake ya VAT mwezi Aprili, kutoka kwenye fedha ambazo mteja atazitoa Juni. Kadiri mauzo yanavyokua ndivyo pengo hili linavyopanuka; kampuni inaweza kuishiwa fedha katikati ya mafanikio. Anayeuza nje ya nchi ana shida ya upande wa pili: mauzo yake yana VAT ya asilimia sifuri, kwa hiyo kila mwezi yeye ndiye anayeidai serikali, na marejesho huja baada ya ukaguzi.

Kisha kuna mgogoro wa makadirio. TRA ikikagua na kudai kodi ya ziada, mlipakodi ana siku 30 kuweka pingamizi, na ili pingamizi lipokelewe ni lazima alipe theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au kiasi asichokibishia, kipi kikubwa. Makadirio ya shilingi milioni 900 yanataka milioni 300 mezani kabla hoja haijasikilizwa. Kamishna anaweza kupunguza kiasi hicho kukiwa na sababu za msingi, na njia ya Bodi ya Rufani za Kodi, Baraza la Rufani na hatimaye Mahakama ya Rufani iko wazi. Ni mfumo wa haki uliokamilika kwenye karatasi, ila kuingia humo kuna bei, na kampuni yenye haki isiyo na akiba hubaki nje ya mlango.

Makao makuu hupenda kuziba mapengo haya kwa kuikopesha kampuni tanzu badala ya kuongeza hisa, maana riba hupunguza kodi. Sheria imeweka kikomo: deni likizidi uwiano wa 7 kwa 3 dhidi ya mtaji wa hisa, riba ya ziada haitambuliwi kwa kampuni inayomilikiwa na wageni. Tena mkopo huwa wa dola na mauzo ni ya shilingi. Dola iliyouzwa kwa takriban shilingi 2,300 mwaka 2022 ilikaribia 2,700 mwaka 2024, na tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kupanga bei ya bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Kanuni hizo ni za haki kwa mnunuzi Mtanzania. Kwa mkopaji wa dola, zimefunga mlango uliokuwa unampunguzia hatari.

Haya yote yangevumilika kama mteja angekuwa anangoja upande wa pili. Hapo ndipo hesabu nyingi za wageni huanguka. Mnunuzi wa mjini hayuko mbali. Yuko kwa Mangi, duka la kona lenye nondo dirishani, ambako sukari hupimwa robo, mafuta ya kula huuzwa kwa kipimo, na sabuni ya unga hununuliwa pakiti ya kufulia mara moja. Ananunua hivyo kwa sababu kipato chake ni cha siku, na Mangi anamjua kiasi cha kumwandika kwenye daftari mpaka mwisho wa mwezi. Anayemfikishia Mangi mzigo ni muuzaji wa jumla wa Kariakoo au Manzese, kwa kirikuu au guta, naye hukopesha siku chache kwa kumwamini mtu, bila dhamana. Huu ni mfumo wa usambazaji na wa mikopo kwa wakati mmoja. Takwimu za ukuaji wa tabaka la kati hazimwonyeshi Mangi, na kampuni inayoingia bila yeye hulazimika kujenga mtandao wake yenyewe, kwa fedha zake, kwa miaka.

Maduka makubwa ya kigeni yamelipa ada ya somo hili hadharani. Shoprite ya Afrika Kusini iliondoka Tanzania mwaka 2014 na maduka yake yakachukuliwa na Nakumatt ya Kenya. Uchumi, nayo ya Kenya, ilifunga shughuli zake Tanzania na Uganda Oktoba 2015. Nakumatt yenyewe ilianguka kuanzia mwaka 2017, na mwanzoni mwa 2020 wadai wake walipiga kura ya kuifunga kabisa, ikiwa na madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30 za Kenya. Kila moja ilikuwa na matatizo yake ya ndani, lakini zote zilikodi majengo makubwa, zikajaza rafu kwa mkopo wa wauzaji, na zikahitaji wanunuzi wengi wa kapu la mwezi katika jiji ambalo wengi hununua mahitaji ya siku.

Waliofanikiwa waliegemea kilichokuwepo. Wawekezaji wa Afrika Kusini walioingia kampuni ya bia ya TBL wakati wa ubinafsishaji wa mwaka 1993 walikuta bia ambayo tayari ilikuwa na majina na wanywaji kote nchini. Walitengeneza ubora na usafirishaji. Vodacom ilipoanzisha M-Pesa Tanzania mwaka 2008, kilichoibeba huduma hiyo ni mawakala wa mitaani, watu waliokuwa na meza na wateja kabla ya kampuni kuja kubisha hodi.

Kanuni inayofuata kwa mgeni ingeonekana kuwa ni kumtafuta mwenyeji. Lakini kuna wenyeji wa aina mbili. Kuna mbia anayeweka mtaji, anayekaa kwenye bodi na kukataa jambo. Na kuna mtu anayekodisha jina lake: leseni inasomeka kwake, fedha na maamuzi ni ya mwingine. Mtindo huu ulienea Kariakoo kiasi cha kuwa kero ya wazi kwa wafanyabiashara wazawa, na Julai 2025 serikali ilitoa amri inayowakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo rejareja na jumla isipokuwa maduka makubwa na ya jumla maalumu, uwakala wa kutuma fedha kwa simu, ufundi wa simu, saluni, uongozaji watalii, uwakala wa forodha, ununuzi wa mazao shambani na viwanda vidogo. Mgeni anayekiuka hukabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo, na kufutiwa viza na ukaazi. Mtanzania anayemsaidia naye ana adhabu yake.

Kenya ililalamika, ikisema amri hiyo inakwenda kinyume na itifaki ya soko la pamoja la Afrika Mashariki iliyoanza kutumika mwaka 2010, na hoja hiyo ina uzito: haiwezekani Mkenya wa Namanga awe mgeni sawasawa na anayetoka bara jingine, halafu jumuiya iendelee kuwa na maana. Lakini lengo la msingi linatetewa vizuri. Biashara ya vocha na ufundi simu ndiyo ngazi ya kwanza ya kijana asiye na mtaji, na mgeni anayeishika ngazi hiyo haleti teknolojia wala ajira ambayo haikuwepo. Kwa mgeni mwenye nia njema, amri hii inampa jambo moja la kufanya mapema: kama shughuli yake imo kwenye orodha, asitafute jina la kukodi. Mkataba wa siri na mwenye leseni hauwezi kupelekwa mahakamani na yeyote kati yao, na siku watakapokosana, mgeni hana duka na Mtanzania ana deni la kodi lenye jina lake.

Sera zenyewe hubadilika, na kwa ghafla. Machi 2017 serikali ilizuia usafirishaji wa makinikia, yaani mchanga wenye madini, kwenda nje. Julai mwaka huo kampuni ya uchimbaji dhahabu ya Acacia ikaletewa madai ya kodi, riba na adhabu ya dola bilioni 190. Mgogoro ulimalizika kwa kampuni mama, Barrick, kuichukua Acacia yote mwaka 2019, kukubali kulipa dola milioni 300 na kuundwa kwa Twiga Minerals, serikali ikiwa na asilimia 16. Nchi ilikuwa na haki ya kudai sehemu kubwa zaidi ya dhahabu yake. Ila zingatia nani aliweza kungoja zaidi ya miaka miwili bila kuuza makinikia: kampuni iliyo nyuma yake ina migodi katika mabara kadhaa. Mkandarasi mdogo wa Kahama aliyekuwa akiuhudumia mgodi wa Bulyanhulu hakuwa na akiba ya namna hiyo.

Hapo ndipo lilipo swali la nani hulipa. Kampuni ya kigeni iliyoishiwa mtaji wa kungoja haifungi siku hiyo. Kwanza hurefusha malipo: mzalishaji wa mayai aliyeahidiwa siku 30 hulipwa baada ya 60, kisha 120. Kwa kufanya hivyo kampuni inamkopa bila kumwambia, na bila riba, huku yeye akinunua chakula cha kuku kwa fedha taslimu. Mambo yakishindikana, mfilisi hufuata mpangilio wa sheria. Benki yenye dhamana huchukua kilichowekewa rehani. Mishahara na kodi za serikali hutangulia madeni ya kawaida. Mfanyakazi aliyepunguzwa anastahili kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliotumikia, usiozidi miaka kumi. Msambazaji mwenye ankara tu hungoja nyuma ya hao wote, mbele ya wanahisa, kwenye masalia ambayo kwa kawaida ni mafriji na rafu.

Mamlaka inayotoa cheti cha vivutio humtaka mwekezaji athibitishe mtaji wa kujengea. Haimtaki aonyeshe atawalipa wasambazaji wake wa ndani ndani ya siku ngapi, wala kwa fedha ipi katika mwaka wa kwanza usio na faida. Swali hilo lingeweza kuwekwa kwenye fomu ileile, na jibu lake kuwa sharti la kuendelea kupata msamaha. Mpaka hapo, mfugaji wa kuku anayefuatwa na duka jipya lenye jina la kigeni afanye anachofanya muuzaji wa jumla wa Manzese: auze mzigo wa kwanza kwa fedha taslimu, wa pili kwa siku saba, na asipeleke wa tatu kabla wa pili haujalipwa.